Ukijaza ritani ya kodi Marekani anza na kuhesabu siku, rifandi baadaye

Kila Januari ikikaribia kuisha, huku Texas mazungumzo yetu yanageuka. Mwajiri anatakiwa awe ameshatoa W-2, ile karatasi ya mshahara na makato yako ya mwaka, kufikia Januari 31, kwa hiyo kwenye magrupu, kwenye maegesho baada ya misa, nje ya msikiti Ijumaa, hata tukiwa tumekaa kwenye matanga, swali linalopita mdomo kwa mdomo ni moja tu, we umerudishiwa ngapi? Sijawahi kusikia mtu anamuuliza mwenzake umejaza fomu gani. Na mimi nadhani matatizo yetu mengi ya kodi huku yanaanzia hapo hapo, manake tumeifanya ritani kuwa kitu cha kwenda kuchukua hela wakati ni maelezo unayoyatia saini kwa kiapo kwamba ni ya kweli, na kiapo hicho kinakaa kwenye faili lako miaka na miaka.

Mwezi wa pili mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kwangu Jumapili na bahasha ya kaki. Alifika Marekani Agosti 2021 kusoma masters kwa viza ya F-1, akamaliza 2023, na tangu hapo anafanya kazi kwa OPT, kile kibali cha kazi wanachopewa wanafunzi wa nje, kwenye kampuni moja ya kompyuta hapa karibu na Dallas. Mwaka jana ritani yake ilijazwa na jamaa mmoja anayefanyia kazi hiyo nyuma ya saluni, akamtoza dola 80, dakika 40 wakawa wamemaliza, akapata rifandi akafurahi sana. Sasa alikuja kwangu kwa sababu kuna mwenzake kazini kamwambia neno likamtia wasiwasi.

Tukaitandaza ile ritani ya 2024 mezani. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni chini kabisa ya ukurasa wa pili, pale anapotakiwa kuandika jina lake na namba yake ya PTIN mtu aliyelipwa kukujazia. Patupu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna saini, yaani kwa macho ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hii ritani kaijaza mdogo wangu mwenyewe kwa mkono wake na makosa yote yaliyomo ni yake. Halafu nikaangalia juu, fomu yenyewe ni 1040 ya kawaida, ile wanayojaza Wamarekani. Nikamuuliza, alikuuliza nini kabla ya kuchagua hii fomu? Akanijibu, "Dada, aliniuliza we si unaishi hapa? Nikamwambia ndiyo, si naishi hapa?"

Hilo swali na hilo jibu ndiyo makala yangu yote ya leo. Kwa Kiswahili mkaazi ni mtu anayekaa mahali. Ana chumba, analipa kodi ya nyumba, anajua duka la nyama liko wapi, jirani zake wanamjua. Ukimuuliza kijana aliyekaa Dallas miaka mitatu kama ni mkaazi wa hapa atakuambia ndiyo na hajasema uongo. Lakini mkaazi wa kodi ni neno jingine kabisa limevaa nguo za hilo hilo neno letu, halina habari na unalala wapi wala moyo wako uko wapi, linataka vitu viwili tu, una grinkadi au huna, na kama huna, umehesabiwa siku ngapi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Unachukua siku zote ulizokuwa ndani ya Marekani mwaka huu (lazima zifike angalau 31), unajumlisha na theluthi moja ya siku za mwaka jana, na moja ya sita ya siku za mwaka juzi, ikifika 183 wewe ni mkaazi wa kodi. Mtu aliyekuwa hapa siku 130 kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo anapata 130, anaongeza 43 na kidogo, anaongeza 21 na kidogo, jumla inafika 195, tayari keshakuwa mkaazi japo hajawahi kukaa nusu mwaka kwa mkupuo. Mwingine anayekuja siku 120 kila mwaka anapata 120 na 40 na 20, ni 180, amebaki mgeni kwa tofauti ya siku 3. Ndiyo maana nawaambia watu wasitupe tiketi zao za ndege na watoe nakala za kurasa zote za pasipoti zenye mihuri, safari ya mwezi mmoja kwenda kumzika baba Bukoba inaweza kubadilisha fomu unayojaza.

Sasa mwanafunzi wa F-1 ana jambo lake la pekee, siku zake hazihesabiwi kabisa kwa miaka mitano ya kalenda. Sio miezi 60, ni miaka ya kalenda, kwa hiyo mdogo wangu aliyeingia Agosti 2021 ule mwaka 2021 wote umeshahesabiwa mmoja hata kama alikaa miezi mitano tu. Kwake ni 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2024 aliofanya kazi miezi 12 na kulipa pango na kununua gari, IRS inamuona ni mgeni, na fomu yake ni 1040-NR. Na ile miaka ya mwanzo ambayo hakuwa na kipato chochote alitakiwa hata hivyo atume fomu 8843, kikaratasi kidogo tu cha kusema mimi nipo lakini siku zangu msizihesabu, hakuna mtu aliyemwambia.

Tofauti ya hizo fomu mbili sio jina. Mgeni hapati lile punguzo la jumla, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ambalo mkaazi anapewa bila kuuliza, na kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na ndoa. Hapati mikopo ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo (sio hela ya kukopa, ni kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yenyewe), hajazi pamoja na mwenza wake. Jamaa wa saluni alimpa mdogo wangu lile punguzo, na mshahara wake ulikuwa 40,000, ukipiga hesabu kwa viwango vya mwaka ule kodi yake ilitoka dola 2,816 wakati kwa fomu yake halali ilitakiwa iwe 4,568. Yaani aliipunja serikali dola 1,752 bila kujua, na hiyo ndiyo ile rifandi nono aliyoifurahia.

Lakini subiri, hapa ndipo nilipopandwa na hasira. Nikaichukua W-2 yake nikamuonyesha boksi namba 4, limeandikwa 2,480. Boksi namba 6, limeandikwa 580. Hayo ni makato ya FICA, asilimia 6.2 ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii, na asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee, jumla dola 3,060. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado ni mgeni wa kodi, hata akiwa kwenye OPT, hatakiwi kukatwa hiyo hela hata senti. Mwajiri alimkata kwa sababu programu ya mishahara inamkata kila mtu na watu wa ofisini hawakumuuliza kama ni mkaazi wa kodi, na jamaa wa saluni hakuiona kwa sababu ukishamjaza mtu kama mkaazi hayo makato yanaonekana ya kawaida tu. Kwa hiyo kijana wa watu alichukua dola 1,752 ambazo hazikuwa zake akaacha dola 3,060 ambazo ni zake. Ungemjazia kihalali angelipa kodi kubwa zaidi na bado angebaki na dola 1,308 za ziada mfukoni. Nilipoiandika hiyo hesabu nyuma ya bahasha alikaa kimya muda mrefu akiiangalia.

Na mimi siwalaumu vijana wetu. Watu tunakuja huku na mazoea ya nyumbani na mazoea yenyewe hayafanani. Mtanzania aliyeajiriwa kwao mwajiri alikuwa anamkata kodi ya mshahara anaipeleka TRA na habari imeisha, wengi hawajawahi kujaza ritani maishani mwao, kwa hiyo akifika huku akiona mshahara umeshakatwa anaamini kamaliza. Mkenya yeye anajua kila mwenye PIN lazima ajaze kabla ya Juni 30 hata kama ni nili, akichelewa faini shilingi 2,000, kwa hiyo anaichukulia kama ile ya iTax, unaenda saiba, unabonyeza, unapata risiti, unaendelea na maisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezoea kuulizwa wewe ni nani kwanza kabla ya kuulizwa umepata shilingi ngapi. Marekani inaanza na wewe ni nani.

Halafu kuna huu ugonjwa wa kunakiliana. Mdogo wangu aliniambia mwenzake wa chumba, kijana wa Kihindi, yeye yuko F-1 vile vile na alipewa lile punguzo la jumla. Ni kweli kabisa alipewa, na ni halali yake, kwa sababu India ina mkataba wa kodi na Marekani na ndani yake kuna kifungu kinachowapa wanafunzi wa Kihindi haki hiyo. Sisi hatuna mkataba. Tanzania haina, Kenya haina, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, hakuna hata mmoja. Kwa Afrika nzima wenye mikataba ya kodi ya mapato na Marekani ni Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini. Kwa hiyo mmeketi darasa moja, mshahara mmoja, viza moja, na ritani zenu haziwezi kufanana. Na hata sisi kwa sisi hatufanani, aliyekuja kwa bahati nasibu ya grinkadi ni mkaazi tangu siku aliyoingia nayo, Mkongomani aliyekuja kama mkimbizi anahesabiwa siku zake zote tangu mwanzo, na aliyekuja na H-1B, ile viza ya kazi, anahesabiwa siku zake zote pia ila akishuka uwanja wa ndege Oktoba mosi kwa mara ya kwanza anakuwa na siku 92 tu mwaka huo, kwa hiyo mwaka wa kwanza kwa kawaida ni mgeni na unaofuata mkaazi. Na huyo wa H-1B asiende kudai FICA, msamaha ule haumhusu.

Kuna kosa jingine naliona sana kwa wenye grinkadi na linaniuma kwa sababu linatokana na jambo jema. Mtu anamlisha mama yake Tanga, anawasomesha watoto wake wawili Mwanza, kila mwezi anatuma, risiti zote anazo. Anafika kwa mjazaji anawaandika wote kama wategemezi. Kwa sheria ya Marekani mtegemezi lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wake wa kodi, au basi awe anaishi Canada au Mexico. Mama wa Tanga hayumo. Ule mkopo wa kodi wa mtoto nao tangu 2018 inataka mtoto awe na namba ya Social Security. Kwa hiyo unaweza kuwa unawabeba watu saba mgongoni, kila mtu mtaani kwenu anajua, na kwenye fomu ukawa mtu mmoja. Inauma lakini ndivyo ilivyo, na mjazaji anayekuambia niletee majina tu nitaweka anakuandalia barua ambayo itakuja kwa jina lako wakati yeye simu yake haipatikani tena.

Ukishakuwa mkaazi wa kodi mlango mwingine unafunguka, na huu kwa maoni yangu ndio wenye hatari kubwa kwetu kuliko ule wa fomu. Mkaazi anatozwa kwa kipato cha dunia nzima. Ile nyumba ya Kigamboni uliyoipangisha, pango analokusanya shemeji linaingia kwenye ritani ya Marekani, riba ya akaunti ya nyumbani inaingia, gawio la SACCO linaingia. Kama nyumbani umeshalipa kodi kwa kipato hicho unaweza kuidai kama mkopo wa kodi kwa fomu 1116 ili usitozwe mara mbili, kwa hiyo tunza karatasi za TRA na za KRA kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Lakini kipato ni kitu kimoja na akaunti ni kitu kingine. Ukiwa mkaazi wa kodi na akaunti zako zote za nje ukizijumlisha zikapita dola 10,000 hata kwa siku moja tu ndani ya mwaka, unatakiwa utume ripoti inayoitwa FBAR, haiendi IRS na ritani, inaenda peke yake kwa mtandao kwa FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha. Sio kila akaunti ipite 10,000, ni jumla. Una dola 4,000 benki moja, 3,500 benki nyingine, na 3,000 kwenye SACCO, hiyo ni 10,500, unaripoti zote. Na haijalishi kama zimeingiza faida au hazijaingiza.

Kitu ambacho watu wetu hawakijui ni kwamba FBAR inaangalia hata akaunti ambayo pesa si zako ila saini yako ipo. Sasa jiulize ni wangapi kati yetu ni waweka hazina. Akaunti ya kikundi cha kuzikana iliyofunguliwa Arusha, akaunti ya ukoo ya kujenga nyumba ya bibi, akaunti ya mama ambayo mliandikishwa wawili ili akiumwa uweze kumtolea pesa, chama cha wanawake kule Mombasa. Wewe unajiona unasaidia tu na kweli unasaidia, lakini saini yako ikiweza kutoa hela, unatakiwa kuiripoti. Mama mmoja ninayemheshimu sana, nesi wa miaka mingi, nilipomueleza hili alishika kichwa, alikuwa na saini kwenye akaunti tatu za aina hiyo na hajawahi kusikia hiyo fomu hata siku moja.

Faini kwa asiyekusudia sheria iliiandika hadi dola 10,000, na kiwango hicho kimekuwa kikipanda na mfumuko wa bei. Serikali ilikuwa inataka kuhesabu faini hiyo kwa kila akaunti. Kesi ya Bittner ndiyo iliyoamua, bwana mmoja mzaliwa wa Romania mwenye uraia wa Marekani, alikuwa na akaunti 272 za kuripoti kwa miaka mitano, serikali ikamdai dola milioni 2.72. Mahakama ya Juu ya Marekani Februari 2023, majaji 5 kwa 4, ikasema faini ni kwa ripoti ya mwaka na siyo kwa akaunti, ikashuka hadi 50,000. Tumshukuru, lakini ona kwamba tofauti ilikuwa kura moja tu, na mtu mwenye akaunti mbili au tatu za familia bado anaweza kudaiwa 10,000 na zaidi kwa mwaka mmoja aliosahau. Kwa bahati nzuri fomu yenyewe haina malipo, haikutozi kodi yoyote, mwisho wake ni Aprili 15 na ukichelewa unaongezewa muda hadi Oktoba 15 bila kuomba.

Kuhusu tarehe za ritani yenyewe nitasema kwa ufupi kwa sababu zinajulikana. Mwenye mshahara ni Aprili 15. Ukiomba muda kwa fomu 4868 unapewa hadi Oktoba 15, ila umepewa muda wa kujaza tu, muda wa kulipa haukuongezwa. Kutokujaza kunakutoza asilimia 5 ya deni kila mwezi hadi 25, kujaza na kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, kwa hiyo hata kama huna hela, jaza.

Watu wananiambia mbona wengine wamejaza vibaya miaka kumi na hakuna kilichotokea. Ni kweli IRS haigongi mlango. Lakini ritani inaulizwa na watu wengine. Ukitaka kumleta mkeo au mama, ile fomu ya udhamini I-864 inataka ritani yako ya mwaka wa karibuni. Ukiomba uraia, fomu ya N-400 inakuuliza kama tangu upate grinkadi umewahi kujiita mgeni kwenye ritani au kuacha kujaza kwa kujiona ni mgeni. Yaani kosa linaweza kwenda pande zote mbili, mwanafunzi anajiita mkaazi kabla ya wakati, na mwenye grinkadi anajiita mgeni ili asitaje nyumba ya Kigamboni, na wote wawili watakutana na karatasi zao mbele ya ofisa siku ambayo wanataka kitu kikubwa kuliko rifandi.

Na serikali zetu nazo nina neno nazo. Kenya peke yake mwaka 2024 ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Kila kiongozi akija huku tunapigiwa makofi ukumbini tunaitwa mashujaa wa uchumi. Lakini hakuna mkataba wa kodi, na hakuna mkataba wa hifadhi ya jamii wa kuunganisha miaka ya huku na ile ya NSSF. Ili upate pensheni ya Social Security kwa kawaida unahitaji pointi 40, kama miaka kumi ya kazi. Mtu wa H-1B akifanya miaka sita akarudi zake Nairobi, makato yake yote ya miaka sita yanabaki huku na nyumbani miaka hiyo inahesabika sifuri. Hilo ndilo ningependa tuwaulize wakija, kabla ya picha za pamoja.

Mdogo wangu tulimtafutia kituo cha VITA kinachoshughulikia wanafunzi wa nje, ni bure, wanaokusaidia ni watu wa kujitolea waliofunzwa na IRS, ila uliza kwanza kama wanajaza 1040-NR kwa sababu sio vituo vyote. Wakamsahihishia 2024 kwa 1040-X na 1040-NR ndani yake, akalipa zile 1,752 na riba kidogo, alilipa kwa mafungu mawili. Kisha akawaandikia waajiri wake kuomba FICA. Sheria inataka uanze kwa mwajiri, akikataa ndipo unaenda IRS na fomu 843 na 8316, na una miaka mitatu, kwa mshahara wa 2024 mpaka Aprili 2028. Waajiri walikataa kwa barua ya mistari miwili, tukaambatisha barua hiyo hiyo kwenye maombi, nakala ya pasipoti, I-20 ya chuo, kibali cha kazi, I-94 ya kuingilia nchini, tukapeleka posta kwa rejista.

Hela bado haijafika. Wakati tunasubiri aliniuliza na 2026 itakuwaje, tukahesabu pale pale. Miaka yake mitano imeisha Desemba 31, 2025, kuanzia Januari siku zinahesabiwa, kwa hiyo akikaa bila kusafiri, mapema Julai anatimiza 183 na mwaka wote wa 2026 anakuwa mkaazi, na FICA anatakiwa akatwe kihalali tangu Januari. Jumatatu yake aliwaandikia mwenyewe watu wa mishahara kuwaambia kwamba ya 2024 na 2025 wamekosea ila ya mwaka huu waendelee kukata.